Mwaka Chura Alipoishi Lupangoni Kwetu

Trésor amerudi wiki hii kwa baleinière, boti ya mbao ya mtoni, kutoka Basoko, mrefu mpaka anainama mlangoni, na kabla hata ya kuweka mfuko chini akatoa simu na kunisogezea usoni. "Espé, angalia. Njo yeye." Nikaangalia. Alikuwa yeye kweli, chura wetu wa mchezo, mwavuli mkononi, akipepesa macho kama mtu anayengoja umwambie aende wapi. Bado hana rangi, bado anaruka kwa sauti ile ile ya tiki-tiki, lakini sasa nyuma yake kuna mwanga, na kila mtu aliyesimama karibu anaweza kumwona kwa macho yake mwenyewe. Nilifurahi mpaka nikashika mdomo. Halafu, nikiri tu, nikaona wivu kidogo. Zamani kumwona chura yule kulikuwa kazi yangu. Najua mtu wa miaka kumi na minane akisema "zamani" wakubwa wanacheka. Wacheke. Nilikuwa huitième, darasa la nane, nilikuwa na miguu mirefu na sauti fupi, na mwaka ule Trésor, mtoto wa noko wangu, yaani mjomba, alikuja kusomea Kisangani na kulala chumba kimoja na kaka zangu.

Lupango letu, ua wa mtaa wa Kabondo hapa Kisangani, lina milango inayotazamana, uwanja mmoja katikati, na kamba za nguo zinazokulazimisha kutembea umeinama. Upande wa barabara anakaa Mama Bea, mpangaji wetu, ambaye kila mchana anapika makemba, ndizi kubwa za kupika, na kuyaponda ndani ya kinu mpaka yanakuwa lituma, donge laini la manjano ambalo wanafunzi wanakuja kulila na samaki wake wa kukaanga. Mchi wake ndio saa yetu. Ukisikia unapiga haraka ujue wateja wamekaribia, ukisikia umesimama ujue kuna habari. Upande wa pili anakaa Papa Assani, mtu wa Maniema, agent wa État, mfanyakazi wa serikali, na redio yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Siku ya mechi anakifuata kivuli na kiti chake kuzunguka uwanja mzima, na mwishoni mwa mechi anakuta yuko mbele ya mlango wa Mama Bea. Mama Bea anasema si kivuli anachofuata, ni samaki.

Kabla ya mashine ya mchezo ya Trésor kulikuwa na televisheni ya jirani. Kila Jumamosi alituachia tukae chini tuangalie katuni moja ya chura mdogo. Mafuriko yalibeba nyumba ya mama yake, chura akabaki na mwavuli tu, na kila juma alienda nchi mpya kumtafuta. Jina lake la kweli tulilisikia mara moja tukalisahau. Sisi tulimuita Parapli, yaani mwavuli. Juma la mwisho alifika mbele ya nyumba ndogo yenye moshi, akafunga mwavuli, akakung'uta maji, akanyoosha mkono kwenye mlango, na courant, umeme wetu, ikakatika. Tulikaa gizani tukiangalia kioo cheusi. Mtoto mmoja akaanza kulia. Courant iliporudi siku ya pili, televisheni ilikuwa imehamia katuni ya magari, na hakuna mtu Kabondo nzima aliyejua kama mama yake chura alikuwa ndani. Tuliuliza shuleni, tukauliza hata kanisani. Kumbe courant ilikatika kwa wote.

Basi fikiria siku Trésor alipofungua mfuko wake. Kati ya kaptula na samaki wa kukausha alitoa mashine ya mchezo ya mkononi, kitu cha kijivu, kinene kama kipande cha sabuni, kimesuguliwa pembeni na vidole vya watu wengine. Baba yake, anayefanya kazi ya baleinière, aliachiwa na abiria mmoja, akampa mtoto ili asilie siku ya kuondoka nyumbani. Kwenye kibao cha mchezo kilichochomekwa nyuma kulikuwa na maandishi kama nyayo za kuku, hakuna aliyeweza kuyasoma. Lakini picha tuliisoma wote kwa pamoja. "Parapli!" Nakumbuka Papa Assani aligeuka kwenye kiti akidhani mvua imeanza kunyesha.

Trésor alisema alisikia kutoka kwa yule abiria kwamba mchezo unafuata katuni nchi kwa nchi, na ukimaliza zote unafika kwenye ule mlango. Hapo ndipo mambo yote ya mwaka ule yalipoanza. Tulitaka kuona mlango ukifunguka, na tulikuwa na muda mpaka shule zifungwe, kwa sababu siku hiyo Trésor na mashine yake wangerudi Basoko. Ilionekana muda ni mwingi. Lakini mashine haikuwa na kumbukumbu. Ukifa, unarudi mwanzo. Ukizima, unarudi mwanzo. Mama akikutuma maji, unarudi mwanzo. Tena ilikula betri kama mgonjwa aliyepona. Zikichoka tulizipandisha juu ya mabati ziote jua, tukazishusha zikiwa za moto, tukazibadilishana mikononi kama mahindi ya kuchoma, na zilitupa pumzi nyingine fupi. Bibi wa lupango la nyuma alimwambia mama tumeanza kuanika vyuma.

Na kioo hakikuwa na mwanga wake. Ulihitaji jua, na jua lenyewe lije kwa pembeni, ukae umegeuza shingo hivi. Kwa hiyo waliweza kuona watu wawili tu: Trésor, na mmoja begani kwake. Nafasi ile ya begani iligombaniwa vibaya sana. Lakini kila aliyekaa pale alipiga kelele "Ruka! Ruka!" na kumtikisa Trésor mkono, na chura akaenda majini. Mwishowe Trésor akachoka. "Nataka Espé," akasema. "Espé haseme." Ndivyo nilivyopata cheo, kwa sababu ya ububu wangu. Shuleni mwalimu wa Kifaransa aliniita Mademoiselle Silence. Nyumbani wageni waliuliza kama nina ugonjwa. Nilikuwa na maneno, mengi hata, niliyaandika kila jioni, lakini yalipofika kooni yaligeuka kama abiria walioona boti imejaa.

Siku ya kwanza nilikaa begani kimya, wengine wametuzunguka wakiangalia nyuso zetu kwa vile hakukuwa na kingine cha kuangalia. Mama Bea alikuwa anaponda. "Iko wapi sasa?" akauliza. Trésor hakujibu, maana Trésor akijibu anakufa. Mchi ukapiga mara kadhaa. "Weye, mutoto wa kimya. Miye nauliza: chura iko wapi?"

"Iko juu ya muti," nikasema.

"Muti gani?"

"Muti kama wa matunda ya safu."

"Iko na matunda?"

"Iko nayo. Anaogopa kuyagusa. Kuna nyuki."

"Nyuki ngapi?"

"Mbili. Hapana, tatu. Moja inarudi."

Mchi ukasimama. "Aruke ile ya kurudi!" Mama Bea akasema, kwa hofu ya kweli, mkono kifuani. "Anaruka," nikasema. "Anafungua parapli. Anashuka pole pole, pole pole... amefika chini." Lupango zima likatoa pumzi. Mchi ukaanza tena. Na mimi nilikaa pale nikisikia masikio yangu yanawaka, maana nilikuwa nimesema maneno mengi mfululizo na hakuna aliyecheka.

Kuanzia hapo nikawa macho ya lupango. Papa Assani ndiye aliyenitengeneza. Alisikiliza siku chache, akizungusha kifundo cha redio bila kuiwasha, akashindwa kuvumilia. "Espérance, weye unasema 'amefika chini' sawa na mutu anasoma communiqué ya matanga kwa redio. Reporter hafanye vile! Na reporter hangoje swali. Weka kiwanja kwanza. Weka adui. Halafu weka mupira."

"Hakuna mupira, Papa Assani."

"Chura njo mupira! Bon, anza."

Nikaanza. Nilianza kwa kiwanja: mawingu mangapi, upepo unatoka wapi, ukuta una urefu wa mtu au wa nyumba. Nikaweka adui. Nikajifunza kuvuta sauti chura akiwa hewani na kuikata akigusa chini, na kama kuna bonde refu nilivuta mpaka Mama Bea alisema, "Mushushe, mutoto atakufa kwa pumzi!" Wanafunzi waliokuja kula lituma walibaki na tonge mkononi. Mwendesha toleka mmoja, wale wa baiskeli za abiria, alisimama langoni kusikiliza na abiria wake nyuma, na abiria naye hakushuka wala hakulalamika. Nchi za mwanzo kila mtu alizijua kwa moyo, na bado walitaka zisemwe, kama vile unavyojua wimbo na bado unataka uimbwe. Shuleni sikubadilika, niseme ukweli. Mwalimu aliniita ubaoni nikabaki kama sanamu, vile vile. Lakini sasa nilijua kwamba sauti ninayo, nimeiacha nyumbani tu, kama mtu aliyesahau ufunguo.

Siku tuliyofika nchi ya nne kwa mara ya kwanza, nilikwama. Vitu vidogo vilikuwa vinaanguka kutoka juu, taratibu, vinajaa kwenye mabati na kwenye kofia za adui, na chura alikuwa anateleza bila sababu. Nikasema nilichokiona. "Unga wa muhogo unaanguka kutoka juu."

"Unga?" Mama Bea akaweka mchi chini kabisa. "Nani anatwanga kule juu?"

"Simuone."

"Mutu anamwaga unga vile, mama yake hakumufunza?"

"Na chini kunateleza, mama."

"Alors wamemwaga na mafuta!"

Trésor alicheka, na alipocheka chura akateleza shimoni, na tukarudi mwanzo. Jioni ile Papa Assani alifikiria sana, akatangaza kwamba ule ulikuwa ni theluji, maji yaliyoganda ya nchi za baridi, kwamba yeye ameyasikia kwenye redio katika mechi za huko. Mama Bea alimsikiliza mpaka mwisho, akasema asante, na mwaka mzima akaendelea kuita nchi ya nne "kule kwa unga." Nami nikasema hivyo hivyo kwenye utangazaji wangu. Sijawahi kuona theluji. Siku nitakayoiona najua nitatafuta kinu.

Nchi iliyofuata ilikuwa mto wenye magogo yanayoshuka, na hapo nilimjua Trésor kuliko nilivyomjua mwaka mzima. Wengine waliojaribu walirukia gogo la kwanza waliloliona. Yeye alisimama. Alimwacha chura ukingoni, mawimbi yanamlamba miguu, magogo mazuri yanapita, na lupango likapiga kelele: anangoja nini? Nikatangaza, "Parapli amesimama. Parapli anaangalia mbali." Trésor akafungua mdomo, mara ya pekee aliyosema akiwa anacheza: "Gogo ya mbele inakudanganya. Unaangalia ile inatoka juu ya mto." Akavuka bila kulowa. Baadaye tulipokuwa tunaosha sahani aliniambia Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia kwenye mto mkubwa, kila mtoto anajua hivyo kabla ya kujua kusoma. Akaniambia pia mama yake husimama pale bandarini akisikia mota ya boti, hata kama anajua hakuna mtu wake ndani. Akasugua sahani ile ile kwa muda mrefu.  Nilikuwa tayari nimerudi kuwa Espé wa kimya, nikachukua sahani nyingine.

Hivyo mwaka ukaenda. Tulikula pondu, majani ya muhogo, na makemba, tukafeli interro za shuleni, mvua zikaja zikatuzuia kuanika betri, na Parapli akawa anakufa karibu na mwisho, kila mara karibu zaidi. Shule zikafungwa. Boti ya Trésor ikatangazwa kwa Jumanne. Jumapili, baada ya misa, jua likatoka kali kama limetumwa, na Trésor akakaa kwenye kigoda. Nikakaa begani. Sijui nani aliita watu. Walikuja hata wa lupango la nyuma, hata yule bibi wa kuanika vyuma, na kigoda chake. Papa Assani alikuwa na mechi siku ile, mechi kubwa, redio tayari imeanza kukoroma. Tulipofika kwa unga, taa ndogo nyekundu ya mashine ikaanza kufifia. Trésor akapiga kitufe cha kusimamisha kila kitu, akainua macho. Tukajua, tukizitoa betri, tunarudi mwanzo. Na za akiba zilikuwa zimekwisha kuota jua mpaka hazina tena la kusema.

"Tuanze upya na zangu," Papa Assani akasema. Akafungua mpira wa redio, yule mtangazaji akakatwa katikati ya neno, akatoa betri zake moja moja na kumkabidhi Trésor kwa mikono miwili. Mama Bea akamwangalia. "Na mechi?" akauliza. "Leo mechi yangu ni ya chura," Papa Assani akasema. Mama Bea akaenda jikoni akarudi na sahani ya samaki, akaiweka kwenye goti la Papa Assani.

Trésor hakufa hata mara moja. Nilitangaza mti na nyuki, nikatangaza soko, kinu cha upepo, unga, magogo. Sauti ilianza kukauka, mtu akanipa maji, nikanywa huku macho kwenye kioo. Tukaingia nchi ambayo hatujawahi kuiona. Korongo mkubwa, mdomo kama mkuki, adui wa vyura wote tangu dunia ianze, alikuwa amesimama mbele ya nyumba ndogo. "Weka adui," Papa Assani akanong'ona, na nikamweka, nikamweka vizuri mpaka watoto wakashikana. Parapli aliruka juu, akafungua mwavuli juu ya kichwa cha korongo, akamfunika macho. Korongo akaanguka. Kelele iliyotoka pale lupangoni, watu wa barabarani walidhani timu yetu imefunga goli. Nikapaza sauti juu yao. "Anakwenda kwenye nyumba! Kuna moshi! Anafunga parapli. Anakung'uta maji. Ananyosha mukono. Mulango unafunguka..."

Na mistari kwenye kioo ikapauka, kama maandishi ya chaki ikipita mvua, na kioo kikabaki kioo. 

Trésor alizitoa betri, akaziuma, akazibana kwapani, akazirudisha. Hakuna.  Nilihisi nyuso zote zinanitazama mimi, si mashine, na maneno yakageuka kooni kama kawaida yao.

"Espé, mbona unanyamaza?" Mama Bea akasema. "Mulango umefunguka. Nani iko ndani?"

"Mashine imekufa, mama."

"Mashine imekufa, sawa. Na weye umekufa?"

Mchi ulikuwa mkononi mwake, umesimama. Nilimtazama Trésor, ambaye alikuwa na kioo tupu magotini na boti Jumanne. Nikaweka kiwanja kwanza.

"Ndani kuna giza kidogo," nikasema. "Chini bado kuna majimaji ya ile mafuriko. Kitanda kimoja. Kiti kimoja. Hakuna mutu."

"Eh, mawa!" bibi wa nyuma akalia.

"Parapli anaangalia kitandani, hakuna. Anaangalia nyuma ya mulango. Nyuma ya mulango kuna musumari wa kutundika parapli, na parapli ya mama haiko. Njo anaelewa: mama ametoka kumutafuta. Kila nchi alipopita, mama alipita njia ingine." Nikasikia mtu anasonya kwa uchungu. Nikavuta sauti kama kwenye bonde refu. "Halafu anasikia kitu kinatokota. Anageuka. Chungu iko juu ya moto. Na haijaungua."

Mchi uligonga kinu peke yake. "Haijaungua!" Mama Bea akasema. "Basi mama haiko mbali! Mwanamuke hawezi kuacha chungu na moto vile!"

"Haiko mbali," nikasema. "Parapli anachukua mwiko. Anakoroga isiungue. Na inje anasikia miguu kwenye majimaji."

Papa Assani alisimama na sahani yake ya samaki. "Na musuluhishi anapuliza filimbi!" akapiga ukelele, na uwanja wote ukalipuka. Waliniinua. Mimi, waliniinua juu, kamba ya nguo ikanipiga kichwani, na shati la mtu likabaki shingoni mwangu. Walibishana mpaka jua likazama ndani ya chungu kulikuwa na nini. Bibi alisema pondu. Trésor, akifuta pua, alisema samaki, maana mama anayengoja mtoto anapika samaki. Jumanne nilimsindikiza bandarini. Boti ilipoanza kupiga mota alinionyesha kwa mkono, akikoroga hewani.

Sasa amerudi na simu. Jana mchana tulikaa pale pale, yeye kigodani, mimi begani kwa mazoea, ingawa hakukuwa na haja, kioo kinang'aa watu wote wanaona. Aliniambia amekwisha kumaliza mchezo peke yake, na simu inakumbuka kila kitu. Kwa hiyo alitupeleka moja kwa moja mwishoni. Korongo akaanguka, mlango ukafunguka. Kwa miaka hii yote nilijiuliza. Ndani hakuna nyumba. Kuna weusi, na chura anapunga mkono, halafu yale maandishi ya nyayo za kuku yanapanda, yanapanda, mpaka yanaisha. Mama simwoni.

"Njo yote?" watoto wadogo wa lupango wakauliza. Trésor akainua mabega. Papa Assani, ambaye mvi zimemwingia na kiti chake sasa hakitembei, kimekaa mlangoni kwa Mama Bea asubuhi mpaka jioni, akasema hata mechi za sare zina maelezo zaidi.

Mama Bea hakuja kuangalia. Alikuwa anaponda. "Iko na nini mule ndani?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hakuna kitu, mama," Trésor akasema.

"Na chungu?"

"Chungu haiko."

Mchi ukasimama, akafikiria. "Walisahau chungu," akasema, kwa huruma kabisa, kama mtu anayesamehe wapishi wadogo, na akaendelea kuponda.

Trésor akanitazama, akacheka, akarudisha chura mwanzo na kuwapa wadogo simu. Wakaikumbatia wote, vichwa vimegongana, hakuna hata mmoja anayehitaji kuambiwa kitu. Nikainuka kwenda kuanua nguo. Nilikuwa nimefika kwenye kamba, nimewapa mgongo, niliposikia mchi umetulia tena.

"Espé," Mama Bea akaita. "Iko wapi sasa?"

Nikasikiliza tiki-tiki.

"Iko juu ya muti, mama," nikasema. "Na ile nyuki ya tatu inarudi."